Kurudi Kwenye Windows ya Zamani si Kosa la Karani



Ukurasa huu umezoea kupokea habari za mishahara, nyumba za kambini, makoti ya mvua na wenzetu waliofukuzwa bila barua. Hayo hatujayamaliza. Lakini safari hii sisi wa kamati ya tawi, katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda, twaomba nafasi tuzungumze juu ya kompyuta. Tafadhali usigeuze ukurasa kwa kudhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa ofisini. Kompyuta tunayoisemea ndiyo inayohesabu majani yetu, na mwezi wa Novemba 2025 tulipoteza humo kilo za siku sita. Karani aliyeirudisha katika hali yake ya zamani ili mizani ifanye kazi tena amepewa barua ya onyo. Twasema barua hiyo haina haki, na twataka kueleza kwa nini.

Kwetu mchumaji hulipwa kwa kilo. Anachuma majani mawili na kichipukizi chake, anajaza kikapu, na mara mbili au tatu kwa siku anakipeleka bandani kikapimwe. Zamani nyapara alisoma mshale wa mizani na kuandika kilo katika daftari, na mchumaji akitazama kwa macho yake. Ugomvi haukukosekana, maana walikuwako manyapara ambao kalamu yao ilikuwa nyepesi kuliko kikapu. Ndiyo sababu ilipokuja mizani ya umeme wengi wetu tulifurahi. Kila mchumaji alipewa kadi yenye namba yake. Kadi inaguswa, kikapu kinatundikwa, na mizani inazitunza kilo ndani yake. Jioni inaletwa ofisini, inaunganishwa kwa waya na kompyuta ya karani, na kilo zote zinahamia humo. Halafu programu ya mishahara inazidisha kilo kwa bei, inakata asilimia 5 ya mfanyakazi ya NSSF, inakata na madeni, na mwisho wa mwezi inatoa orodha ya malipo.

Chini ya programu hiyo ya mishahara iko programu nyingine inayozitawala zote. Wataalamu huiita mfumo endeshi, na hii ya ofisi yetu ni Windows, inayotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Hiyo ndiyo inayoiamsha mashine asubuhi, ndiyo inayotambua kwamba huu ni waya wa mizani na ile ni mashine ya kuchapa. Sisi tulioishia darasa la saba tulidhani kompyuta ni kitu kimoja tu, kama jiko. Karani ndiye aliyetufahamisha. Alisema fikirini kiwanda cha zamani chenye shafti moja ndefu inayovizungusha vinu vyote kwa mikanda. Ukileta shafti mpya, hata ikiwa nzuri kuliko ile, bila kwanza kuipima mikanda yako, kinu hiki kitazunguka na kile kitasimama.

Basi yaliyotupata ni hayo hayo.

Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba Windows 10, iliyotoka Julai 2015, haitapewa tena viraka vya usalama vya kawaida baada ya tarehe 14 Oktoba 2025. Viraka hivyo ni masahihisho yanayoletwa kila mwezi ili kuziba matundu ambayo wezi wa mitandao hupenyea. Wakubwa wetu wa makao makuu waliposikia hayo wakamtuma fundi apite katika kila ofisi atie Windows 11, ambayo ilikuwapo tangu Oktoba 2021. Katika hilo hatuwalaumu. Walipewa muda wa kutosha wa kujitayarisha, wakangoja mpaka siku za mwisho, kisha wakafanya haraka. Hapo tunawalaumu.

Karani wetu alimwambia fundi kwamba programu ya mishahara ni ya zamani sana, akaomba ijaribiwe kwanza katika kompyuta nyingine. Akajibiwa kwamba amri imetoka juu. Sasa jambo la kujua ni hili. Windows 10 ilitengenezwa kwa namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64, na ofisi yetu ilikuwa na ile ya biti 32. Windows 11 imetengenezwa kwa biti 64 peke yake. Huwezi kuipandisha moja juu ya nyingine; inabidi uanze upya. Fundi akaifuta diski yote, akatia Windows mpya, akaona kioo kinang'aa, akapanda pikipiki akarudi mjini.

Jioni ile mizani ililetwa kama kawaida. Kompyuta haikuutambua waya wake. Karani akajaribu kuitia tena programu ya mishahara, ikakataa. Programu hiyo iliandikwa zamani za biti 16, na Windows yoyote ya biti 64 haiwezi kuendesha programu ya namna hiyo. Si hitilafu wala si uvivu wa karani. Ndivyo ilivyotengenezwa, na mtu yeyote mwenye ujuzi angeliweza kuyasema hayo kabla ya diski kufutwa, lau angeliulizwa.

Fundi alipopigiwa simu alisema tungoje, programu mpya italetwa. Tukangoja. Mizani yetu ina nafasi ya kutunza kilo za siku chache tu. Ikijaa, hufuta za nyuma ili kupata nafasi ya mpya. Siku zikaenda. Hakuna aliyewaambia manyapara warudie kuandika kwa mkono.

Siku ya tisa karani alichoka kungoja. Alikuwa na busara ya kunakili kila kitu katika flashi siku moja kabla ya fundi kuja. Akamwomba ruhusa msaidizi wa meneja, ambaye siku hizi husema hakumbuki vizuri, akatafuta ile Windows 10 ya zamani, akaitia tena, akairudisha programu ya mishahara na hesabu zote za nyuma. Alilala ofisini usiku ule. Kesho yake mizani na kompyuta vikasikilizana. Lakini kilo zilizokutwa ndani ya mizani zilikuwa za siku tatu za mwisho. Za siku sita zilikuwa zimekwisha kufutika, na hakuna fundi anayeweza kuzirudisha.

Siku ya mshahara ofisi ikatumia wastani. Siku hizo sita kila mchumaji akahesabiwa kwa wastani wa kilo zake za mwezi wa Julai, kwa sababu eti hesabu za Julai ndizo zilizokuwa karibu. Ndugu mnaofanya kazi katika chai mnalielewa hilo bila kuelezwa. Kwetu Julai ni kiangazi, majani yanadumaa. Novemba ni mvua, chai inachipua mpaka mikono inashindwa. Kumlipa mtu kazi ya Novemba kwa kilo za Julai ni kumkata mshahara.

Yuko mama mmoja katika kitalu cha chini ambaye huandika kilo zake kila siku katika daftari kuukuu la shule la mwanawe. Katika siku hizo sita alikuwa ameandika kilo 287. Ofisi ilimhesabia 174. Alikwenda na daftari lake mpaka kwa meneja, nasi tulikuwapo.

“Kompyuta haina kilo hizo, mama,” meneja akasema.

“Bwana meneja, kompyuta haikuwa shambani,” mama akajibu.

Meneja alinyamaza kidogo, kisha akasema hawezi kulipa kwa daftari la mtoto. Mpaka leo hajalipa. Na wiki iliyofuata ikaja barua kutoka makao makuu, si ya kumuuliza fundi wala aliyetoa amri, bali ya kumwonya karani kwa “kurudisha nyuma mitambo ya kampuni bila idhini”.

Hapa ndipo tunapotaka kusema fikira yetu. Kurudi kwenye mtambo wa zamani, pale mpya unaposhindwa kazi, si uasi wala si ushamba. Hata wenye kuzitengeneza Windows hizi wanalijua jambo hilo. Ukipandisha kompyuta kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwa njia ya kawaida, bila kufuta diski, Microsoft yenyewe imeweka mlango wa kurudia: ile ya zamani inahifadhiwa ndani ya kabati lililoandikwa Windows.old, na kwa muda wa siku 10 unaweza kubonyeza tu ukarudi ulikotoka. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 muda huo ulikuwa siku 30, mwaka uliofuata wakaupunguza. Sisi twaona siku 10 ni chache mno kwa mahali pa kazi, maana mshahara ni wa mwezi, na kosa la mwanzo wa mwezi huonekana siku ya malipo. Lakini angalau mlango upo. Fundi wetu alipoifuta diski aliuziba mlango huo, na lililobaki ni flashi iliyokuwa mfukoni mwa karani.

Na mambo haya yamewapata wakubwa kuliko shamba letu. Mwaka 2007 Microsoft ilitoa Windows iliyoitwa Vista, badala ya XP iliyokuwapo tangu 2001. Watu wakalalamika kwamba ni nzito, na kwamba mashine zao za kuchapa na programu zao za kazi hazielewani nayo. Malalamiko yakazidi hata mwezi wa Aprili mwaka ule ule kampuni ya Dell ikaanza tena kuuza baadhi ya kompyuta zake zikiwa na XP ya zamani. Wenye Vista za ofisini waliruhusiwa na Microsoft yenyewe kurudi kwenye XP. Tena mwaka 2012 walitoa Windows 8 wakaondoa kile kitufe cha pembeni ambacho kila karani duniani alikizoea, na mwaka 2013, katika toleo la 8.1, wakakirudisha. Hatukusikia kwamba kuna aliyeandikiwa barua ya onyo kwa kurudisha kitufe.

Na huko California, Marekani, mama mmoja mwenye ofisi ndogo ya safari alidai kwamba Windows 10 ilijitia yenyewe katika kompyuta yake ikamharibia kazi. Akaishtaki Microsoft, na mwaka 2016 akalipwa dola 10,000. Hatusemi hayo ili twende mahakamani. Tawi letu halina hata fedha za nauli ya wakili. Tunasema tu kwamba mahali pengine hasara ya namna hii hulipwa na aliyeleta mabadiliko, wala haiwekwi juu ya aliyekuwa akifanya kazi yake.

Lakini yapasa tuwe wakweli. Katika mkutano wetu wa tawi wako wenzetu waliosimama wakasema: basi tubaki na ya zamani daima, hatutaki mpya tena. Walipigiwa makofi mengi. Sisi wa kamati hatukubaliani nao, na tuliwaambia hivyo, ingawa wengine walinuna.

Mtambo wa zamani usiopata viraka ni hatari kweli. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta za Windows ulimwenguni, zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150, vikifunga mafaili na kudai fedha. Kiraka cha kuzuia tundu lile kilikuwa kimetolewa mwezi wa Machi, miezi miwili nyuma, lakini mashine nyingi hazikutiwa, na XP za zamani zilikuwa zimeachwa bila viraka tangu 2014. Hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Kampuni ya magari ya Renault ikasimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake Ufaransa. Mwezi wa Juni kiwanda cha Honda kule Sayama, Japani, kikafungwa siku nzima kwa ajili ya virusi hivyo hivyo. Kiwanda kikisimama sisi ndio tunaoambiwa turudi nyumbani. Kwa hiyo hatuwezi kuwaambia wafanyakazi wa viwandani wanaosoma gazeti hili kwamba Windows kuukuu ni rafiki yao.

Wengine walichanganya jambo hili na zile mashine za kuchumia chai, ambazo huja zikaondoa watu. Hiyo ni vita nyingine, na msimamo wetu juu yake mnaujua. Windows mpya haimwondoi mchumaji. Kinachomwumiza ni namna ilivyotiwa.

Ilikuwapo njia ya katikati, wala haikuwa ya gharama kubwa. Makampuni yaliyotaka kubaki na Windows 10 na kuendelea kupata viraka yaliweza kulipia. Bei iliyotangazwa na Microsoft ilikuwa dola 61 kwa kompyuta moja kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka mara mbili kila mwaka, mpaka miaka mitatu. Kompyuta inayopokea mizani kwetu ni moja tu. Au kompyuta hiyo ingeachwa na Windows yake ya zamani, ikakatwa kabisa na intaneti, ikabaki kufanya kazi ya mizani na mishahara peke yake, na barua na hesabu za NSSF zikatumwa kwa kompyuta nyingine yenye Windows mpya. Ndivyo karani alivyofanya baada ya kurudi: waya wa intaneti ameuchomoa, orodha anaihamisha kwa flashi ambayo anaikagua kwanza. Huyu ndiye mtu anayeambiwa kwamba amehatarisha mitambo ya kampuni.

Na tukubali kosa letu pia. Ilipokuja mizani ya umeme, menejimenti ilitaka daftari la nyapara liondolewe na karatasi ndogo za kupimia zisitolewe tena, ati karatasi ni ghali. Sisi wa kamati tulikubali. Tulichoka na ugomvi wa kalamu, tukadhani mashine haina upendeleo. Ni kweli haina upendeleo, lakini haina kumbukumbu pia ikifutwa. Kama daftari lingekuwapo, siku zile sita zisingepotea, na mama yule asingeambiwa kwamba ushahidi wake ni wa kitoto. Wazee waliokuwa wakipinga siku ile tunawaomba radhi.

Sasa tunadai nini? Kwanza kabisa barua ya karani ifutwe. Halafu siku sita zile zihesabiwe kwa wastani wa siku nyingine za Novemba hiyo hiyo, si za Julai, na mwenye daftari lake alipwe kwa daftari lake. Na mchango wa NSSF usahihishwe, maana mshahara ukiandikwa mdogo, asilimia 5 yetu na asilimia 10 ya mwajiri nazo zinapungua, na hasara hiyo mtu huiona akiwa mzee. Hayo ni ya nyuma.

Kwa siku zijazo twataka kifungu katika mkataba wetu wa pamoja. Kwamba mashine au programu yoyote inayohesabu kazi au malipo isibadilishwe mpaka wawakilishi wa wafanyakazi wamearifiwa na karani husika amesikilizwa. Ya zamani na mpya zifanye kazi pamoja kwa mwezi mmoja wa malipo, hesabu zilinganishwe, na ya zamani isifutwe kabla ya mwezi huo kwisha. Mizani itoe karatasi kila inapopima. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa kila mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya maandishi ya mshahara wake na makato yake kila anapolipwa. Sisi twataka na kilo ziandikwe humo, siku kwa siku, ili mtu akae na daftari lake alinganishe. Menejimenti imesema neno la mwezi mzima ni gumu, kwa sababu kuendesha mashine mbili ni kazi mara mbili kwa karani. Karani mwenyewe amesema yuko tayari, akilipwa saa za ziada.

Mkutano na menejimenti tumeuomba kwa barua, na tumejibiwa kwamba utakuwapo baada ya karani kujitetea kwa maandishi. Utetezi wake tumemsaidia kuuandika, na nakala ya daftari la yule mama tumeiambatanisha. Matawi ya Kenya na Tanzania ambayo mizani zao ni za namna hii, na ambayo mikataba yao imekwisha kuwa na kifungu juu ya kompyuta, tunayaomba yatuletee maneno ya kifungu hicho kupitia kwa mhariri wa gazeti hili. Tunataka tuwe nayo mkononi siku ya mkutano.